Gia ya Pili, Kabla ya Pongwe

Lori la saruji lilikuwa mbele yetu, limeshiba mzigo, linajikokota. Nikashusha gia, kutoka tatu kwenda mbili. Mkono wa gia ulikwenda upesi, kama nilivyoutengeneza uende. Chini ya sakafu nikasikia krrr, fupi, kisha gia ikaingia.

Mkaza mjomba wangu alikuwa amekaa kando yangu, mkoba mapajani, buibui amelikunja lisibanwe na mlango. Hakunitazama. Alisema tu:

"Mjomba'ako hakuwa akiilazimisha."

Basi. Mpaka tunafika Muheza hatukuzungumza tena habari za gari.

Wiki moja kabla ya safari hiyo nilikuwa nimemaliza kazi ya miezi miwili kwenye mkono wa gia, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyejenga nyumba. Nilitarajia aniambie gari limekuwa jipya. Badala yake nikapewa maneno matatu, na maneno hayo yakakaa nami nikila, nikioga, nikingoja mteja dukani. Naandika haya kwa sababu nimeyachunguza mpaka mwisho wake, na nimekuta kwamba alikuwa sahihi katika mambo ambayo yeye mwenyewe hana majina yake.

Mlingoti wa ngalawa

Wanaonifahamu wanalifahamu gari lenyewe. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Mjomba aliinunua Mombasa baada ya mpaka kufunguliwa tena mwishoni mwa 1983, akaivusha Horohoro, akaja nayo nyumbani. Mji wetu, Tanga, ni wa waja leo waondoka leo, lakini hii ilikuja ikabaki.

Habari za mbio za magari za Safari sizirudii. Waliokuwa vijana wakati ule watakusimulia jinsi Datsun za aina hii zilivyoshinda mwaka 1971 zikiwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 zikiwa na Shekhar Mehta, kwenye barabara za tope na mawe ambazo leo mtu angezikwepa hata kwa pikipiki. Ninachotaka kusema ni kwamba sifa hizo ni mzigo kwa anayerithi. Unataka gari liwe kali. Unataka kila unachokishika ndani yake kifanane na hadithi.

Nilipolitoa chini ya mwembe Chumbageni, lilikokaa miaka mitatu tangu mjomba afariki, injini iliwaka siku ya pili. Silinda sita na kabureta mbili, wala hazikuweka kinyongo. Taabu ilikuwa mkono wa gia. Ukiwa gia ya tatu ulikuwa ukiyumba kama mlingoti wa ngalawa iliyotia nanga. Ukiwa frii hukujua frii inaanzia wapi na inaishia wapi. Mara mbili nilitafuta gia ya tatu nikapata ya kwanza, na anayejua kitakachompata akiachia klachi hapo anaelewa kwa nini nilitokwa na jasho.

Uzuri wa 240Z ni kwamba mkono wake hauna vyuma virefu vya kuzungukazunguka wala waya. Unazama moja kwa moja mkiani mwa giaboksi. Kuna pini inayopita katikati yake, pini hiyo inakaa kwenye bushi za nailoni, na ncha ya chini ya mkono inaingia kwenye ufito unaosukuma gia. Ni hayo tu. Ukishika kichwa cha mkono ni kama umeingiza kidole ndani ya giaboksi.

Lakini ukaribu huo una gharama yake. Mkono wa gia ni wenzo, na wenzo hukuza kila kitu, hata kasoro. Chukua mfano: ikiwa sehemu iliyo juu ya pini ni ndefu mara sita kuliko ya chini, ncha ya chini ikipata uwazi wa nusu milimita tu, kichwa cha juu kitacheza milimita tatu. Ongeza uwazi wa bushi za pini. Ongeza mpira wa kushikilia giaboksi uliozeeka, ambao unaiacha giaboksi nzima iinuke na kushuka huku mkono umesimikwa juu yake. Hapo unapata mlingoti wangu.

Klak

Nilifanya kama wanavyofanya wengi wanaopenda magari ya zamani ya mbio. Niliagiza bushi za bronzi mahali pa zile za nailoni. Nikabadilisha mpira wa giaboksi. Kisha nikampa mkono fundi mmoja kijana, mwenye jicho zuri la kuchomelea, akaukata sehemu ya juu na kuupunguza robo nzima.

Nitasema kweli: ulikuwa utamu.

Mkono ukawa mfupi, mkavu, hauna upuuzi. Klak, tatu. Klak, nne. Kila gia ina mlango wake na kila mlango una kizingiti. Usiku nilikuwa natoka, nakwenda mpaka Raskazone na kurudi, bila safari yoyote, kubadilisha gia tu. Nilimpakia rafiki yangu wa utotoni akashika kile kichwa cha mti, akatikisa kushoto na kulia, akasema, "Hii sasa ndiyo gari."

Ilikuwa ikikwaruza gia ya pili. Ndiyo. Lakini si kila mara, na mimi nilikwisha jipa sababu: ni gari la zamani, giaboksi ya zamani, na mkono mfupi hutaka dereva mkakamavu. Nikawa mkakamavu. Ikigoma, nilisukuma.

Ukivuka spidi ya themanini mkono ulikuwa ukiimba, sauti nyembamba ya chuma juu ya chuma. Hilo nalo nililiita uhai.

Kwenye mbuzi

Jumapili moja sikuweza tena. Nilikwenda kwa mkaza mjomba, Ngamiani, nikamkuta uani amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia. Nikazunguka maneno kidogo, maana si rahisi mwanamume aliyeshinda chini ya gari miezi miwili kumuuliza mama aliyekaa kiti cha abiria.

Mwishowe nikasema, "Mkaza mjomba, siku ile uliniambia mjomba hakuwa akiilazimisha. Alikuwa akifanyaje?"

Aliacha kukuna. Akainua mkono wake, wenye chicha za nazi, akaushusha hewani polepole, akausimamisha katikati, kisha akausogeza upande na kuuvuta kwake.

"Alikuwa akisimama hapa," alisema. "Kama mtu anavuta pumzi. Na mguu wake ulikuwa ukikanyaga mara mbili. Gari linafanya vumm, kidogo tu, ndiyo anaingia."

Akarudi kwenye nazi yake.

Nilisimama pale nikihisi joto usoni. Alichokuwa akinionyesha ni klachi ya mara mbili: kukanyaga, kutoa gia mpaka frii, kuachia, kuipa injini mafuta kidogo ili mzunguko upande, kukanyaga tena, ndipo kushuka gia. Madereva wa malori ya zamani wanaijua, kwa sababu giaboksi zao hazikuwasamehe. Mama huyu hajawahi kushika usukani, lakini alikuwa ameisikiliza kwa miaka zaidi ya thelathini kutoka kiti cha kushoto, na mwili wake uliihifadhi.

Swali lililonitafuna njia nzima kurudi ni hili: mjomba alikuwa na mkono uliolegea kama kamba, mimi nina mkono uliokazwa kama ngoma. Kwa nini kwake ilikuwa kimya?

Kurudi nyuma

Kuna jaribio dogo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Gari limesimama, injini inazunguka polepole. Unakanyaga klachi mpaka chini, unahesabu sekunde tano, kisha unaingiza rivasi. Rivasi ya gari hili haina sinkronaiza, ile pete ndogo ya kusawazisha mwendo kabla gia haijaingia. Haina wa kuipatanisha. Klachi ikiachia sawasawa, kila kitu ndani kitakuwa kimetulia na gia itaingia kimya. Ikikwaruza, klachi bado inaburuta.

Nililifanya uani kwangu, jioni ileile.

Ilikwaruza.

Miezi miwili nilikuwa nashughulika na mkono, na ugonjwa ulikuwa pia mguuni. Mpira unaopeleka fluidi kwenye silinda ya chini ya klachi ulikuwa umezeeka. Ukikanyaga, mpira unavimba kwanza, na ule msukumo uliotakiwa kwenda kwenye klachi unaishia kwenye kuvimba huko. Ndani ya fluidi kulikuwa na hewa pia. Pedali ilikwenda chini, lakini pleti ya klachi haikuachana kabisa na flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini. Kila nilipobadilisha gia nilikuwa naziomba pete ndogo za giaboksi zifanye kazi yake na kazi ya klachi kwa pamoja.

Mpira mpya, fluidi mpya, hewa ikatolewa na mtoto wa jirani akikanyaga pedali huku mimi nipo chini nikimwambia "kanyaga, shika, achia." Rivasi ikaingia kama kijiko kwenye asali.

Gia ya pili ilipungua kelele. Haikunyamaza.

Vumbi la dhahabu

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Sinkronaiza ni kitu cha ajabu kwa udogo wake. Ni pete ya brasi, ndani yake ina umbo la koni na mistari myembamba sana. Unaposukuma gia, pete inabanwa kwenye koni ya chuma ya gia ile. Mistari inakata utando wa oili, brasi inashika chuma, na kwa msuguano huo kinachozunguka haraka kinapunguzwa na kinachozunguka taratibu kinaongezwa, mpaka viwe mwendo mmoja. Kabla ya hapo meno ya pete hukinga njia, gia isipite. Ule ukinzani mdogo unaousikia mkononi kabla gia haijaingia ni pete inakwambia: bado.

Inahitaji vitu viwili. Muda, na msuguano.

Muda niliunyima kwa mkono mfupi. Hesabu yake haina huruma. Ukikata robo ya urefu, safari ya mkono inapungua robo, lakini nguvu inayotakiwa kusukuma gia ileile inaongezeka theluthi. Kwa hiyo ninasukuma kwa nguvu zaidi na kwa haraka zaidi, na pete inayosema "bado" siisikii, kwa sababu mkono umekwisha zoea kusukuma.

Na msuguano? Nilifungua nati ya kumwagia oili. Iliyotoka ilinuka kiberiti, na ndani ya beseni, juani, ilimeta. Vumbi la dhahabu. Nilipitisha sumaku, chembe chache za chuma zilikamatwa, zile za dhahabu hazikusogea. Ilikuwa brasi. Ilikuwa pete zangu.

Mwanzoni mwa kazi nilipeleka gari gereji moja kubadilishiwa oili, nikaambiwa oili ya gia ni oili ya gia, wakatia ileile waliyotia kwenye difu, sanduku la meno la magurudumu ya nyuma. Sikuuliza. Difu ya gari hili inataka oili ya daraja la GL-5, yenye dawa nyingi ya salfa na fosforasi ya kukinga meno yanayosuguana kwa shinikizo kubwa. Giaboksi yenye pete za brasi inataka GL-4. Baadhi ya GL-5 hushambulia shaba na jamaa zake, na hata isiposhambulia, inaweza kuwa na utelezi mwingi mno: pete inajaribu kushika koni, inateleza.

Nilimwaga, nikajaza GL-4 ya 80W-90, nikaendesha siku chache, nikamwaga tena na kujaza upya ili kilichobaki kitoke. Siku ya tatu gia ya pili iliingia bila sauti kwa mara ya kwanza tangu nianze kuliendesha. Nilikuwa karibu na uwanja wa Mkwakwani. Nilisimamisha gari pembeni nikakaa kimya.

Nataka msomaji aone jambo lililonishangaza. Oili na mpira wa klachi, vitu viwili vilivyoiponya giaboksi, mkono haukupata raha yoyote ya kujivunia kutoka kwavyo. Hakuna rafiki atakayetikisa kichwa cha mti na kusema "hii sasa ndiyo gari" kwa sababu ya oili. Na kile kilichonipa raha, kile klak, ndicho kilichokuwa kikiila.

Nailoni inakunywa maji

Zilibaki bushi za bronzi na ile sauti ya kuimba. Nilizipeleka kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza, mtu ambaye maisha yake yote alikereza bushi za korona, zile mashine za kutoa nyuzi, kwenye mashamba ya mkonge. Alizigeuza mkononi, akaniuliza zinakaa wapi, nikamweleza.

"Bronzi ni nzuri," alisema. "Lakini hapa umeipa kazi ya kupiga kelele. Kitu hiki kinageuka kidogo tu, mbele na nyuma. Hakina joto, hakina mzigo. Aliyeweka nailoni hakuwa mjinga."

Nikamwomba anikereze za nailoni. Nilitaka zikaze kabisa, uwazi usiwepo hata wa unywele. Alinitazama.

"Mwanangu, nailoni inakunywa maji. Hapa bahari iko mlangoni."

Nilisisitiza. Akazikereza kama nilivyotaka.

Wiki ya kwanza zilikuwa bora kuliko bronzi: mkono umetulia, sauti hakuna. Kisha masika yakaanza. Mvua ya siku kadhaa, unyevu ule wa Tanga unaokufanya ukute viatu vina ukungu. Mkono ukaanza kuwa mzito. Ukiutoa gia ya nne ulibaki pale ulipouacha, haukurudi katikati wenyewe. Nailoni ilikuwa imevimba, pini imebanwa.

Nilirudi. Hakunikumbusha. Alizifunga tena kwenye mashine, akazipunguza kiasi ambacho mimi nisingekiona kwa macho, akapaka grisi, akaniambia nizirudishe.

Mkono sasa unacheza. Kidogo. Ukiwa gia ya tatu, ukiusukuma kwa kidole, unasogea upana wa punje ya mchele kisha unakutana na kitu laini. Zamani ningeuita ugonjwa. Sasa najua ule uwazi ni wa nini, na unaanzia wapi.

Urefu

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, nalo lilinichukua muda kuliko yote ingawa kazi yake ni ya nusu saa.

Kipande cha chuma tulichokikata nilikuwa nimekihifadhi kwenye kopo. Kukirudisha au kutokirudisha?

Nilijiambia: klachi imepona, oili ni sahihi, bushi ni sahihi, labda mkono mfupi hauna kosa tena. Na nilijiambia jambo jingine lililoniuma zaidi. Kama nikirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nitakuwa nimefanya nini? Gari ni langu sasa. Mjomba hakuniachia ili nimwigize. Yeye mwenyewe alibadilisha taa, alibadilisha viti, aliweka redio isiyo yake. Kulitunza gari la marehemu kama kaburi si heshima pekee iliyopo.

Niliendesha wiki mbili nikiwa na mkono mfupi, nikifanya klachi ya mara mbili kama nilivyofundishwa uani. Ilikuwa inaingia. Lakini kila mara kiganja kilifika kabla ya mguu. Mkono mfupi una haraka yake, na unaipitisha kwa anayeushika. Kile kituo cha katikati, pale anapovuta pumzi mtu, kwenye mkono mfupi ni chembamba mno, unakipita hujakiona. Na pete ya gia ya pili imekwisha pungua, lile vumbi kwenye beseni halirudi. Pete mpya kwa giaboksi hii si kitu cha kwenda Kariakoo na kurudi nacho. Iliyobaki ndiyo niliyo nayo, na kila ninachoamua juu ya mkono ninaiamulia hiyo pete.

Hilo ndilo lililokata shauri. Si mjomba. Pete.

Kijana wa kuchomelea alikirudisha kile kipande. Mshono unaonekana ukivua ngozi ya mkono, nimeuacha ulivyo.

Muheza tena

Mwezi uliopita mkaza mjomba alikuwa na hitima Muheza kwa ndugu zake. Akanipigia simu mwenyewe, akasema, "Njoo na gari la mjomba'ako."

Tulitoka asubuhi. Alikuwa na mkoba uleule, na kapu la vitumbua kwa ajili ya wenyeji. Hakuuliza nimefanya nini wala sikumweleza. Kabla ya Pongwe tulilikuta lori, si lilelile bila shaka, lakini limeshiba vilevile.

Klachi. Frii. Niliachia, nikagusa mafuta, injini ikafanya vumm. Klachi tena, nikaegemeza kiganja kwenye kichwa cha mti, na pete ikasema bado, nikaisubiri, kisha mkono ukashuka wenyewe kwenye mbili.

Hakukuwa na sauti.

Nikageuka kumtazama, nione uso wake utasema nini. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, na mkoba umeteleza mpaka miguuni.